Kukodi, Kupanga au Kununua kwa Awamu? Historia ya Istilahi za Gari la Mkataba kwa Mfano wa Tunduma

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya maneno machache ambayo kila mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali huyatumia, nayo ni kodi, kupanga, karadha na awamu. Ni maneno ya zamani, na kwa sababu hiyo aghalabu hatuyatilii shaka. Lakini tangu mwaka 2021, yalipofanywa marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maneno tuliyozoea kuyatumia katika mazungumzo yametwishwa mzigo mpya. Sasa yanatakiwa yaamue nani ana haki na nani hana.

Ili hoja isielee hewani, tuchukue mfano. Mwalimu kijana amehamishiwa Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Anakaa Mpemba na kufundisha katikati ya mji. Hana watoto wala mizigo, naye ametamani gari dogo jepesi, la milango miwili na lenye mbio, liwe la kwendea kazini kila siku. Fedha taslimu hana. Analetewa karatasi yenye kichwa cha maneno "Mkataba wa Kukodi Gari", muda miaka 3, malipo kila mwezi. Je, miaka 3 ikiisha gari litakuwa la nani? Likigongwa, hasara ni ya nani? Akitaka kulivusha kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ataomba ruhusa kwa nani? Kichwa cha mkataba hakimjibu hata swali moja kati ya hayo, kwani neno kukodi, kama linavyotumika leo, linabeba dhana zaidi ya moja. Kwa hiyo, kabla mwalimu huyu hajaamua, lugha yenyewe haina budi kuamua.

Kodi: neno la dola na neno la mwenye mali

Katika pwani yetu biashara ya kutumia mali ya mwingine kwa malipo ni kongwe. Chombo cha baharini kilikodiwa, shehena ilipakiwa, na malipo yake yakaitwa nauli, neno lililotufikia kwa Kiarabu, ambacho nacho kililipokea kutoka Kigiriki. Aliyefanya kazi alilipwa ujira, na jamaa yake neno hilo ni ijara, yaani malipo ya kutumia nguvu au mali. Aliyetaka kuonyesha kuwa hasemi kwa mdomo tu alitanguliza arbuni. Aliyechukua fedha aliweka rehani. Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili hakikuwa maskini wa istilahi za mikataba hata kabla gari la kwanza halijafika.

Zaidi ya hayo, lugha yetu ilikwisha kutenga mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Anayekopa pishi ya mchele hula mchele huo na kurudisha mwingine wa kiasi hicho. Kuazima ni kutumia, na kukopa ni kumiliki kwa deni. Tunamwomba msomaji aikumbuke tofauti hii, maana ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho.

Neno kodi liliingia bara likiwa na sura mbili. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya kibanda, na baadaye chini ya Waingereza watu wakaijua kodi ya kichwa. Katika nchi ya Wanyamwanga, ambayo mpaka wa Wajerumani na Waingereza uliigawa mara mbili, kodi ilikuwa kwanza jambo la dola: mtu alilipa kwa sababu ana nyumba, si kwa sababu anatumia nyumba ya mwingine. Leo mkazi wa Tunduma akisema "nimelipa kodi ya nyumba", msikilizaji huelewa kwamba amemlipa mwenye nyumba. Neno limegeuka maana huku umbo likibaki vile vile. Hata hivyo maana ya kwanza haikufa, kwani Mamlaka ya Mapato bado inakusanya kodi. Hivyo gari moja la kukodi linaweza kulipiwa kodi mara mbili kwa maana mbili, kwa mwenyewe na kwa serikali.

Tatizo jingine limo katika kauli za kitenzi. Kwa utaratibu wa sarufi, anayechukua hukodi na anayetoa hukodisha. Lakini katika matumizi ya kila siku tunasikia "nimekodisha teksi" likisemwa na abiria, na maneno hayo hayo yakisemwa na mwenye teksi. Katika mazungumzo hakuna anayedhurika, kwa sababu macho yanaona nani kapanda na nani kashika usukani. Katika mkataba macho hayapo. Mfasiri anayeandika "mkodishaji atalipa gharama za matengenezo" ameacha mlango wazi kwa pande zote mbili kukana.

Kupanga na kivuli cha mwaka 1967

Kwa upande wa nyumba hali ni tofauti. Kupanga na kupangisha, mpangaji na mpangishaji, pango na kodi ya pango, ni jamii ya maneno iliyokamilika, nayo haichanganyi pande mbili. Hatujapata kumsikia mpangaji akisema kwamba amepangisha chumba anachokaa. Swali la kihistoria ni hili: kwa nini maneno haya yaliyo safi hayakuhamia kwenye gari?

Sababu moja, kwa maoni yetu, ni ya kisiasa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwataka viongozi wasiwe na nyumba za kupangisha. Tangu hapo kupangisha hakukuwa tendo la kawaida la biashara. Kulikuwa dalili ya unyonyaji, kukiwa pamoja na mirija na makupe ya lugha ya wakati ule. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, ndipo Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, na ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria. Kazi ya kuunda istilahi za utawala ilianza basi katika miaka ambayo mtu binafsi kujipatia mapato kwa mali iliyotumiwa na mwingine hakukuwa jambo la kuhimizwa. Istilahi za ushirika, mipango na kilimo zilipata msukumo mkubwa. Istilahi za kupangisha mitambo na magari hazikuwa na wa kuzidai.

Isitoshe, magari yenyewe yalikuwa machache. Katika miaka ya 1970 uingizaji wa magari ulisimamiwa na shirika la umma, na gari dogo la binafsi lilihitaji kibali kwanza, kisha subira. Waliokuwa wakiendeshwa katika magari makubwa ya Kijerumani walikwisha kupachikwa jina la Wabenzi. Katika hali hiyo hakuna aliyekaa kutafuta neno la kumwezesha mwalimu kijana kupanga gari la milango miwili.

Awamu na karadha

Njia iliyojulikana kisheria ilikuwa nyingine. Tanganyika na Zanzibar zilipokwisha kuungana, ilitungwa mwaka 1966 sheria ya kununua mali kwa malipo ya kidogo kidogo. Kenya ilifuata mwaka 1968. Katika mkataba wa namna hii mtu huchukua gari, hutanguliza arbuni, hulipa kwa awamu, na gari hubaki la muuzaji mpaka awamu ya mwisho, kisha humwangukia mnunuzi. Kwa jina la Kiingereza, tendo hili linaunganisha kukodi na kununua, na wafasiri wengi walishawishika kuandika "kukodi-kununua" au "ununuzi wa kukodi". Maneno hayo ni kivuli cha lugha nyingine. Mswahili anauliza: nimekodi au nimenunua? "Kununua kwa awamu" ni wazi zaidi, kwa kuwa linataja mwisho wa safari, nao ni umiliki.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Sheria ya Kenya, kwa mfano, inaeleza kuwa mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kuichukua tena ila kwa njia ya mahakama. Haki hiyo ni ya mnunuzi kwa awamu. Mtu aliyekodi tu hana. Neno moja likikosewa katika kichwa cha mkataba, mtu aliyelipa miezi thelathini anaweza kuamka asubuhi gari limeondolewa uani, naye akaambiwa kwamba alikuwa mkodi siku zote.

Neno karadha lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mkopo: fedha hupita mkononi mwa mkopaji zikawa zake, na deni likabaki. Katika zama za mashirika ya umma palikuwa na kampuni iliyoitwa Karadha, ambayo iligharimia ununuzi wa magari na mitambo kwa malipo ya awamu. Hapo neno likaanza kusogea kutoka fedha kwenda kwenye kitu. Mwaka 2008 ilipotungwa sheria ya Tanzania kuhusu makampuni yanayonunua mitambo na magari na kuyatoa yatumiwe kwa malipo ya muda mrefu, baadhi ya wataalamu wa fedha walilichukua neno karadha na kulifanya jina la biashara hiyo.

Hapa ndipo tunapoona hatari. Katika biashara hiyo gari hubaki mali ya kampuni. Anayelitumia halimiliki, amepewa matumizi tu. Kwa kipimo cha wazee wetu, huko ni kuazima kwa malipo, wala si kukopa. Karadha kwa asili yake ni kukopa. Kwa hiyo istilahi imewekwa juu ya dhana iliyo kinyume chake. Benki zinazofuata sharia ya Kiislamu, ambazo zimekuwapo nchini kwa muda sasa, zimelinda tofauti hii kwa kulitumia neno ijara kwa upande wa matumizi na kuliacha karadha kwa upande wa mkopo. Msomaji wa Zanzibar hatashangaa. Msomaji wa Vwawa huenda akahitaji maelezo.

Barabara ilitangulia ofisi

Wakati ofisi zikisitasita, barabara haikungoja. Tunduma ni mahali pazuri pa kulishuhudia hilo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini. Malori yakaanza kupita hapa kwa wingi, barabara kuu ikajengwa na kutiwa lami, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa, na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kikafunguliwa. Kila hatua ilileta watu wa lugha mbalimbali, Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kibemba, nao wote walihitaji Kiswahili cha kukubaliana bei.

Maneno yaliyozaliwa katika mazingira ya namna hiyo ni makini kuliko tunavyodhani. Magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, yakielekea nchi jirani, yanaitwa magari ya IT, kwa herufi mbili za Kiingereza zinazoonyesha kwamba yamo safarini. Kila mtu anajua kuwa gari la IT halijalipiwa ushuru hapa, kwamba lipo chini ya dhamana, na kwamba dereva wake si mwenyewe. Gari dogo la binafsi linalobeba abiria bila leseni ni teksi bubu, na hakuna mwalimu wa sarufi ambaye angebuni jina lililo fupi kuliko hilo.

Lakini somo kubwa zaidi linatoka kwa vijana wa bodaboda na bajaji. Wao wanatofautisha mambo matatu. Anayeendesha kwa hesabu humpelekea tajiri kiasi fulani kila siku, na chombo hubaki cha tajiri milele. Anayeendesha kwa mkataba hupeleka fedha kwa miezi waliyopatana, na siku ya mwisho chombo huwa chake. Anayeshika usukani kwa siku moja tu, kumpumzisha mwenzake, ni deiwaka. Hesabu, mkataba, deiwaka: matumizi bila umiliki, matumizi yanayoishia katika umiliki, na matumizi ya kupita. Kijana ambaye hakumaliza shule ya msingi hawezi kudanganywa hapo. Mwalimu wetu mwenye shahada anaweza, kwa sababu karatasi aliyoletewa imeandikwa kwa lugha isiyokuwa na tofauti hizo.

Jina la gari lenyewe

Kabla hatujamrudia mwalimu, inafaa tuseme neno juu ya gari analolitamani. Neno gari lilitoka Bara Hindi, nalo lilitumika kwa kila chenye magurudumu hata tukapata gari la moshi. Motokaa lilishindana nalo kwa miaka mingi, kisha likashindwa. Katika aina za magari tumepokea saluni, pikapu, basi na teksi bila shida.

Gari la milango miwili lenye paa lililokatwa nyuma linaitwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichokatwa, kwani mwanzoni lilikuwa behewa la farasi lililofupishwa. Tukilitohoa kwa kanuni zetu tutapata kupe. Hilo halifai. Kwa mfugaji wa bonde la Momba, kupe ni mdudu anayeleta ndigana na anayepelekewa ng'ombe joshoni. Kwa msomaji aliyekulia miaka ya Azimio, kupe ni mnyonyaji. "Gari la michezo" nalo linampeleka msomaji uwanjani, au kwenye kitu cha kuchezea mtoto. Tunaona "gari la milango miwili" linatosha, na mahali panapohitaji kutaja mbio iongezwe sifa hiyo. Istilahi haina haja ya kuwa neno moja, ilimradi isipotoshe.

Uamuzi wa mwalimu

Sasa tuzipime njia tatu kwa hesabu ya kubuni, ili tofauti ya maneno ionekane kwa shilingi. Tuseme gari lina bei ya shilingi 24,000,000. Akilikodi kwa siku, kwa shilingi 60,000, mwezi wa siku 30 utamgharimu 1,800,000. Njia hiyo inafaa kwa harusi au msiba, si kwa kwenda kazini kila siku. Akilipanga kwa miezi 36 kwa shilingi 500,000, atalipa 18,000,000 kisha atarudisha gari. Akilinunua kwa awamu, kwa arbuni ya 6,000,000 na awamu 36 za shilingi 700,000, atalipa jumla ya 31,200,000 na gari litakuwa lake. Tofauti ya njia mbili za mwisho ni shilingi 13,200,000. Swali lake basi ni moja: baada ya miaka 3 ya Tunduma, gari lile litauzika kwa zaidi ya kiasi hicho, au kwa pungufu?

Jibu linategemea barabara. Gari la namna hii liko chini karibu na ardhi. Katika lami ya barabara kuu litakwenda vizuri, ingawa litakaa katikati ya foleni ya malori ya mizigo. Katika njia za udongo za kuteremkia bonde la Kamsamba litakwaruza tumbo. Mikataba ya kupanga gari huwa na kifungu kinachosema kuwa mpangaji hatalipia "uchakavu wa kawaida". Kawaida ya wapi? Mkwaruzo ambao mjini mkubwa ni uharibifu, Momba ni jambo la kila juma. Mfasiri anayeyapitisha maneno hayo bila kutaja aina ya barabara, idadi ya kilomita na kipimo cha uharibifu ameandika Kiswahili fasaha kisichomlinda mtu.

Vivyo hivyo kuhusu mpaka. Gari la kupanga lina kadi yenye jina la mwenye mali, na mpangaji hawezi kulivusha bila idhini yake. Mnunuzi kwa awamu pia amefungwa mpaka amalize deni. Kwa mtu anayekaa Tunduma, ambaye soko, ndugu na mazishi yake huenda yako upande wa pili, kifungu hicho si kidogo. Tukiulizwa, tungemshauri mtumishi anayetarajia uhamisho kabla ya miaka 3 apange, akiwa amehakikisha gharama ya kuvunja mkataba. Na anayekusudia kukaa anunue kwa awamu, tena gari lililoinuka kidogo kutoka ardhini. Gari la milango miwili libaki la yule ambaye njia zake zote ni za lami.

Pendekezo

Kutokana na historia tuliyoieleza, tunawapendekezea wafasiri na waandishi wa mikataba mgawanyo ufuatao. Kukodi litumike kwa muda mfupi, wa saa au siku, na anayetoa aitwe "mwenye gari" badala ya mkodishaji. Kupanga na kupangisha yatumike kwa matumizi ya muda mrefu yanayoishia kwa kurudisha mali, yaani upangaji wa gari, wa mtambo au wa trekta. Kununua kwa awamu litumike pale umiliki unapohamia kwa mlipaji siku ya mwisho. Karadha lirudi nyumbani kwake, katika mkopo wa fedha, na ijara liendelee katika benki zinazolitumia kwa maana yake ya asili.

Tunajua kwamba litatolewa pingamizi. Wapo watakaosema kuwa karadha limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya fedha, na kwamba kubadili istilahi iliyoota mizizi ni kuleta vurugu. Hoja hiyo ina uzito. Ikionekana kuwa neno haling'oki, basi angalau kila mkataba utamke katika kifungu chake cha kwanza, kwa maneno ya kawaida, mali ni ya nani leo na itakuwa ya nani siku ya mwisho. Wengine watasema kupanga ni kwa nyumba tu. Tunawajibu kwamba pango la ardhi lipo na linalipwa, ilhali ardhi si nyumba. Neno lililoweza kutoka chumbani hadi shambani linaweza kufika barabarani.

Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na watumishi wa mahakama na halmashauri watuarifu yanapokwama. Vijana wa bodaboda wamekwisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuzitenga dhana hizi kwa neno moja moja. Iliyobaki ni ofisi zetu kuandika mikataba ambayo mtu akiisoma mara moja atajua kama amekodi, amepanga au amenunua.